Baada ya Ugonjwa Kutulia: Nilivyojifunza Kupima Dawa za Vaskulaitisi

Daktari akisema ugonjwa umetulia, watu hukupongeza. Nami nilipongezwa, na nilizipokea pongezi zile kwa moyo mkunjufu, maana nilikuwa nimetoka mbali: pua ikitoa damu na magamba yasiyoisha, sikio limeziba, kikohozi chenye damu, na mwishowe figo zikaanza kuvujisha damu na protini kwenye mkojo. Ugonjwa wangu unaitwa granulomatosisi yenye polianjaitisi, kwa kifupi GPA. Ni mmoja katika familia ya vaskulaitisi za ANCA, yaani magonjwa ya kuvimba mishipa ya damu. Kinga ya mwili, iliyopaswa kupambana na vijidudu, hutengeneza kingamwili, ndizo ziitwazo ANCA, zinazochochea chembe nyeupe za damu zishambulie kuta za mishipa midogo. Mishipa ya pua, mapafu na figo ndiyo huumia zaidi.

Ila swali zito huanza pale pale pongezi zinapotolewa. Utabaki umetulia kwa dawa gani, na kwa muda gani? Nimeishi na swali hilo miaka mingi sasa. Nimetumia dawa zaidi ya moja, nimekaa na wagonjwa wenzangu kwenye viti vya kungojea, na nimesoma matokeo ya tafiti nikiwa na kamusi pembeni. Jambo nililoshika kuliko yote ni hili: ukiambiwa dawa fulani inaishinda nyingine, uliza ilimshindia nani, na wagonjwa wale walifuatiliwa mpaka lini. Hilo la pili ndilo watu huliruka, na ndilo lililonigusa mimi moja kwa moja.

Nianze na siklofosfamidi, dawa kali ya kukandamiza kinga, kwa sababu dawa zote za kuzuia ugonjwa usirudi zimetafutwa ili tuikimbie hiyo. Zamani GPA ilikuwa hukumu ya kifo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 1958 yalionyesha kwamba mgonjwa asiye na tiba aliishi wastani wa miezi 5. Kisha miaka ya 1970 madaktari wa taasisi za taifa za afya za Marekani, Anthony Fauci na Sheldon Wolff, wakaanza kutumia siklofosfamidi pamoja na prednisoni, dawa ya steroidi, na mwaka 1983 wakaripoti kwamba katika wagonjwa 85, asilimia 93 walitulia kabisa. Ni ushindi usiosemeka. Lakini wakati huo wagonjwa waliendelea kumeza siklofosfamidi mwaka mzima au zaidi baada ya kutulia, na gharama yake ikaonekana baadaye. Ripoti ya mwaka 1992 iliyofuatilia wagonjwa 158 wa taasisi hizo hizo ilieleza kibofu kutoa damu, saratani ya kibofu, na wanawake kupoteza uwezo wa kuzaa. Na pamoja na hayo yote, nusu ya waliotulia ugonjwa uliwarudia.

Mimi nilipewa siklofosfamidi kwa dripu, na niliambiwa mapema kwamba ni ya miezi michache tu, ya kuuzima ugonjwa, kisha tutahamia kwenye dawa nyepesi. Utaratibu huo una mzizi wake: utafiti wa Ulaya uitwao CYCAZAREM, uliochapishwa mwaka 2003. Wagonjwa waliokwisha kutulia waligawanywa kwa kura. Wengine walihamishiwa mapema azathioprini, dawa nyepesi zaidi ya kukandamiza kinga, wengine wakaendelea na siklofosfamidi hadi mwaka ukaisha. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 15.5 upande wa azathioprini na 13.7 upande wa siklofosfamidi, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Kila ninapoona dripu ile nawashukuru wagonjwa 144 waliokubali kupigiwa kura. Kwa ajili yao mimi sikumeza sumu ile zaidi ya lazima.

Azathioprini, basi. Kabla ya kidonge cha kwanza nilitolewa damu kupima kimeng'enya kiitwacho TPMT. Wapo watu waliozaliwa na kiasi kidogo mno cha kimeng'enya hicho, na kwao dozi ya kawaida huweza kuangusha chembe za damu hadi zikaribie kwisha. Daktari aliniuliza pia kama natumia allopurinoli, dawa ya jongo. Dawa hizo mbili zikikutana, azathioprini hurundikana mwilini na uboho ukashindwa kazi. Mwanzoni nilipimwa damu mara kwa mara, baadaye kwa nafasi. Kichefuchefu kilinisumbua kwa muda, kikapungua nilipoanza kumeza dawa baada ya kula. Jua nililikwepa, kwa kuwa azathioprini huongeza hatari ya saratani ya ngozi. "Ukipata homa, dada, usisubiri kesho," daktari alinisisitizia, na maneno hayo nimeyashika hadi leo.

Pale kliniki tulikuwa na mzee mmoja aliyepewa methotreksati badala ya azathioprini, nasi tulizoea kubishana kwa upole nani ana dawa bora. Utafiti wa Ufaransa uitwao WEGENT, wa mwaka 2008, ulikwisha kutujibu: wagonjwa 126, nusu kila upande, na ugonjwa uliwarudia karibu sawa, asilimia 36 kwa azathioprini na 33 kwa methotreksati. Madhara makubwa nayo hayakutofautiana kwa kiasi cha kuamua mshindi. Basi tofauti iko kwa mtumiaji mwenyewe. Methotreksati humezwa au kuchomwa mara moja kwa wiki, siyo kila siku. Narudia kwa makusudi, kwa kuwa kuimeza kila siku kumeua watu. Huambatana na foliki asidi ili kupunguza vidonda vya mdomo na madhara mengine. Na kwa kuwa hutolewa na figo, mwenye figo dhaifu haimfai. Figo za mzee zilikuwa salama na zangu zilikuwa zimeguswa, kwa hiyo ubishi wetu haukuwa na mshindi tangu mwanzo: kila mmoja alikuwa na dawa yake.

Kijana mmoja wa kike alikuwa katika hali nyingine kabisa. Alitaka mtoto. Methotreksati, na mikofenolati ambayo nayo hukandamiza kinga, huharibu mimba na kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo kwake zilikuwa nje ya meza hata kama zingekuwa na takwimu nzuri kiasi gani. Azathioprini ina uzoefu mrefu kwa wajawazito, na ndiyo aliyobaki nayo. Laiti kila daktari angemuuliza kila mwanamke swali la uzazi kabla ya kuandika dawa, na laiti kila mwanamke angelitaja bila kusubiri kuulizwa.

Mikofenolati yenyewe naitaja kwa haraka. Wengi waliitarajia kwa sababu ilifanya vizuri kwa waliopandikizwa figo. Utafiti wa IMPROVE wa mwaka 2010 uliilinganisha na azathioprini kwa wagonjwa 156: ugonjwa uliwarudia 42 kati ya 76 waliotumia mikofenolati, na 30 kati ya 80 waliotumia azathioprini. Mikofenolati hubaki kwa wale ambao dawa nyingine zimewakataa.

Sasa nifike kwangu. Azathioprini ilinishika vizuri. Nilifanya kazi, nililala usiku bila kukohoa, kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ikasimama mahali pamoja. Baada ya muda uliopangwa tukaanza kupunguza dozi, kama mwongozo ulivyokuwa. Nilipofika dozi ndogo, magamba ya puani yakarudi. Kisha viungo vikaanza kuuma bila mpangilio, leo goti, kesho kifundo cha mkono. Kisha mkojo ukaonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Ulikuwa moto uliofunikwa na majivu. Dawa ilipokuwepo hatukuweza kujua kama ugonjwa umekwisha au umezuiwa tu, na njia pekee ya kujua ni kuiondoa dawa, jambo ambalo ndilo lenyewe hatari.

Utafiti ulionieleza yaliyonipata unaitwa REMAIN, wa mwaka 2017. Wagonjwa 117 waliotulia kwa azathioprini na dozi ndogo ya prednisoloni, steroidi ya jamii ya prednisoni, waligawanywa: kundi moja likaacha dawa taratibu karibu na mwaka wa pili, jingine likaendelea hadi mwaka wa nne. Waliopunguziwa mapema, ugonjwa uliwarudia asilimia 63. Walioendelea, asilimia 22. Wagonjwa wanne wa kundi lililoacha mapema figo zao zilikufa. Katika kundi lililoendelea hakuna hata mmoja. Na waliokuwa bado na ANCA kwenye damu wakati wa kugawanywa walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Niliposoma hayo nilielewa kwamba swali la kuacha lini lina uzito sawa na swali la kutumia ipi, na pengine linalizidi. Mtu anaweza kutumia dawa ya daraja la pili miaka minne akawa salama kuliko aliyetumia ya daraja la kwanza na kuachishwa haraka.

Nikahamishiwa rituksimabu. Hii ni kingamwili iliyotengenezwa maabara inayoshika alama ya CD20 juu ya seli B na kuziondoa. Seli B ni aina ya chembe nyeupe za damu, na ndizo chimbuko la zile zinazotengeneza ANCA. Marekani iliidhinisha itumike kwa GPA mwaka 2011, na kwa kuzuia ugonjwa usirudi mwaka 2018. Kabla ya dripu ya kwanza nilipimwa homa ya ini aina ya B, kwa sababu virusi hivyo vikiwa vimelala mwilini rituksimabu huweza kuviamsha kwa nguvu ya kuua ini. Mtu yeyote asikubali kuanzishiwa dawa hii bila kipimo hicho.

Utafiti unaotajwa kuliko mingine ni MAINRITSAN, wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2014. Wagonjwa 115, wengi wao wakiwa na GPA. Kundi moja lilipewa rituksimabu miligramu 500 mara mbili mwanzoni, kisha kila miezi sita hadi mwezi wa 18. Jingine likapewa azathioprini hadi mwezi wa 22. Kufikia mwezi wa 28, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa ukali kwa asilimia 29 ya wa azathioprini na asilimia 5 tu ya wa rituksimabu. Ni tofauti kubwa, na siipunguzi hata chembe: kila wagonjwa wanne waliopewa rituksimabu badala ya azathioprini, mmoja aliepushwa na pigo kubwa.

Lakini tazama ratiba. Azathioprini katika utafiti ule ilianza kupunguzwa baada ya mwaka mmoja na ilikuwa imeisha miezi sita kabla ya hesabu kufungwa. Yale yaliyonipata mimi ya dozi kupungua yamo ndani ya takwimu ile. Kwa hiyo inalinganisha rituksimabu na azathioprini iliyopunguzwa na kuachwa, siyo na azathioprini ya miaka minne kama ile ya REMAIN. Tena asilimia 71 ya waliokuwa kwa azathioprini hawakupata pigo kubwa kufikia siku ile. Nimewasikia wagonjwa wakiiita azathioprini dawa ya zamani isiyofaa kitu, na hunisikitisha, kwa sababu mahali ambapo rituksimabu haipatikani mtu anaweza kuitupa kinga aliyonayo mkononi kwa kuidharau.

Wagonjwa wale wale wa MAINRITSAN walifuatiliwa hadi mwezi wa 60. Waliokuwa hawajarudiwa na pigo kubwa walikuwa asilimia 72 upande wa rituksimabu na 49 upande wa azathioprini. Rituksimabu bado iko mbele, ila ile asilimia 5 haikubaki 5. Dripu zilikoma, seli B zikarudi, na kwa baadhi yao ugonjwa ukaja nazo. Ndipo watafiti wale wakafanya MAINRITSAN3, iliyotoka mwaka 2020: wagonjwa 97 waliokwisha kumaliza awamu ya kwanza, wengine wakaendelea na dripu kila miezi sita kwa miezi 18 zaidi, wengine wakapewa dripu isiyo na dawa. Waliobaki bila ugonjwa kurudi ni asilimia 96 dhidi ya 74. Tena ni swali lile lile la muda.

Kwa mtu kama mimi, aliyekwisha kurudiwa na ugonjwa mara moja, kuna RITAZAREM, uliochapishwa mwaka 2023. Huu uliwachukua waliorudiwa, ukawatuliza kwa rituksimabu, kisha ukawagawa 85 kwa 85: rituksimabu gramu moja kila miezi minne, au azathioprini kila siku. Kufikia mwezi wa 24 ugonjwa ulikuwa umewarudia 13 upande wa rituksimabu na 32 upande wa azathioprini. Daktari wangu aliponionyesha matokeo hayo sikuhitaji kushawishiwa. Hawa walikuwa watu wa hali yangu.

Dripu yenyewe huchukua saa kadhaa. Hutanguliwa na dawa za kuzuia mzio, na mara ya kwanza huendeshwa polepole. Mimi nilipata muwasho wa koo, wakaisimamisha kidogo, kisha wakaendelea. Baada ya hapo, maisha bila vidonge vya kila siku vya azathioprini yalikuwa mepesi. Shida yake ilikuja kimya kimya. Baada ya dripu za kutosha, vipimo vilionyesha imunoglobulini G, yaani kingamwili za kawaida za damu, imeshuka, na nilikuwa nikipata mafua yanayoshuka kifuani na kukataa kuondoka. Seli B zikiondolewa mara nyingi, kiwanda cha kingamwili nzuri nacho hudhoofika, hasa kwa aliyewahi kupewa siklofosfamidi. Siku hizi kiwango hicho hupimwa kabla ya kila dripu, na sikubali kuketi kwenye kiti mpaka majibu yawe mezani.

Chanjo nayo ni jambo ambalo mgonjwa wa rituksimabu hapaswi kuliacha lijiendee. Chanjo huitegemea seli B ili itengeneze kingamwili, na ukichanjwa wiki chache baada ya dripu mwili hujibu kidogo sana au haujibu kabisa. Wakati wa UVIKO-19 wenzetu wengi walipata chanjo zote na vipimo vikaonyesha kingamwili sifuri. Chanjo zangu za homa ya mafua na nimonia hupangwa wiki kadhaa kabla ya dripu inayofuata, na zile zenye virusi hai sizigusi. Pia nameza kotrimoksazoli kwa dozi ndogo kuzuia nimonia ya pneumosisti. Kwa mzee wangu wa methotreksati hili lilihitaji tahadhari ya pekee, kwani kotrimoksazoli na methotreksati zikiwa pamoja kwa dozi kubwa hukandamiza uboho.

Je, lazima kila mtu apewe dripu kwa ratiba moja? MAINRITSAN2, ya mwaka 2018, iliuliza hilo. Kundi moja lilipewa dripu tano kwa ratiba, jingine lilipewa tu pale seli B au ANCA zilipoonyesha dalili ya kurudi, na mgonjwa wa kawaida wa kundi hilo akaishia na dripu tatu. Ugonjwa uliwarudia asilimia 17.3 waliopimiwa dripu na asilimia 9.9 wa ratiba. Watafiti walisema tofauti hiyo haikufikia uzito wa kitakwimu, nami nakubali, lakini wagonjwa walikuwa 162 tu, na kwa idadi hiyo mtu hawezi kuapa kwamba njia hizo ni sawa. Mwenye historia ya maambukizi makali anaweza kuchagua dripu chache akijua anachobadilishana. Mwenye figo moja inayohema atachagua vingine.

Mapendekezo ya chama cha Ulaya cha magonjwa ya baridi yabisi, EULAR, yaliyosasishwa mwaka 2022, yanaiweka rituksimabu mbele kwa kuzuia ugonjwa usirudi, azathioprini na methotreksati zikifuata, kwa miezi 24 hadi 48, na zaidi kwa waliorudiwa. Aina ya ANCA inaingia hapa. Wenye ANCA inayolenga protini iitwayo PR3, kama mimi, hurudiwa zaidi kuliko wenye ile inayolenga MPO. Mzee wa methotreksati ni wa MPO, hakuwahi kurudiwa hata mara moja, na sasa ameachishwa dawa kwa uangalizi wa karibu. Ninafurahi kwa ajili yake, na simwonei wivu, kwa kuwa naelewa kwa nini njia yake siyo yangu.

Mimi bado niko kwenye rituksimabu. Tumeongeza nafasi kati ya dripu ili imunoglobulini ipate kupanda, na imepanda kidogo. Prednisoloni tumeiondoa kabisa, taratibu, na mifupa yangu imepimwa. Kati ya kliniki na kliniki napima mkojo mwenyewe nyumbani kwa vijiti vya rangi. Kikionyesha damu au protini mara mbili mfululizo, nampigia daktari siku hiyo hiyo. Kikao kijacho nitamuuliza tupime nini zaidi kabla ya kuamua kama nafasi hiyo iongezwe tena, na yeye ameshaniahidi kwamba ANCA, seli B na kreatinini vyote vitakuwa vimetoka maabara kabla hatujaketi kuzungumza.